Kuacha kwanza au kutoka na barua mkononi: wahasibu wawili, bosi mmoja, bei mbili

Mimi na mwenzangu tulikaa chumba kimoja cha uhasibu, Kurasini, miaka minne. Yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Kazi zetu zilifanana, na mishahara yetu ililingana hadi shilingi ya mwisho: 900,000 kabla ya makato. Najua kwa sababu orodha ya mishahara nilikuwa naiandaa mimi.

Bosi wetu simtaji, wala kampuni yake. Itoshe kusema alikuwa mtu wa kutuma ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku, "Ile ripoti iko wapi?", na asubuhi anakuuliza nani alikuruhusu kuondoka na faili za ofisi kwenda nazo nyumbani. Mshahara ulitoka tarehe 12, miezi mingine tarehe 17. Februari 2022 alinifokea mbele ya mteja kwa ajili ya risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ambayo aliikosea yeye mwenyewe. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Niliweka funguo za sefu juu ya meza yake nikatoka.

Nilijisikia mwepesi kwa siku tisa hivi.

Mwenzangu alibaki. Aliondoka Januari 2023, karibu mwaka mzima baadaye, akiwa na barua mbili za ajira mkononi, moja ya 1,400,000 na nyingine ya 1,300,000, anachagua. Mimi nilikuwa nimeangukia kwenye 950,000. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kumkimbia bosi mbaya na kupata mshahara wa haki unakokwenda, silinganishi nadharia. Nalinganisha meza ya dirishani na meza ya mlangoni. Hesabu zote humu ni za Tanzania Bara, kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, vilivyoanza Julai 2021. Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira ya 2005 na mfuko wao wa pensheni, ZSSF, na makato yao yanakwenda kivyake.

Kuacha kwanza, au kutafuta ukiwa bado ndani

Niseme kwanza nilichopoteza bila sababu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Ukigoma kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa siku hizo kwenye stahiki zako za mwisho. Bosi wangu alikata. Siku zangu za likizo ambazo sikuwa nimezichukua, ambazo alitakiwa kunilipa, zikamezwa na notisi ambayo sikuitoa. Nilitaka kumlaumu, nikasoma kifungu mara mbili, nikanyamaza. Katika miaka minne, hiyo ndiyo mara pekee alikuwa upande wa sheria, na nilimsogeza huko mwenyewe.

Nikauliza kiinua mgongo. Hakuna. Kile cha sheria, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, ni cha aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza miezi 12. Aliyeweka funguo mezani hahusiki.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kodi ya nyumba. Kimara nilikuwa nalipa miezi sita sita, kama wapangaji wengi wa Dar, na zamu yangu iliangukia Aprili. Akiba yangu ilikuwa 640,000. Usaili uliozaa kazi niliufanya wiki ya mwisho ya Machi. Mbele yangu alikaa mama wa rasilimali watu, mpole, ana chai yake, lakini mtu niliyekuwa nabishana naye bei hakuwamo chumbani: ni mwenye nyumba. Kila mama yule alipotaja kiasi, nilisikia sauti ya baba mwenye nyumba ikiniuliza, "Kijana, tunaonana lini?" Mnaojua Kariakoo mkesha wa Idd mnaelewa. Mtu anayetafuta viatu vya mtoto saa mbili usiku hashushi bei. Muuzaji anamwona tangu akiwa kona ya mtaa.

Mwenzangu, kwa maelezo yake, aliamua kuondoka siku ile ile niliyotoka mimi. Tofauti ni kwamba hakumwambia mtu. Alijipa hadi mwisho wa mwaka. Alimalizia somo lake la mwisho la CPA, cheti cha juu cha uhasibu, kwenye mitihani ya Novemba ya NBAA, bodi ya wahasibu. Alitenga fedha ya kula miezi miwili. Na alianza daftari dogo, la kurasa themanini, akiandika kazi alizofanya kwa tarakimu: madeni ya wateja aliyoyakusanya na yalikuwa na umri gani, ukaguzi uliofungwa bila hoja, siku ngapi alizipunguza kwenye kufunga hesabu za mwezi. Mimi nilipoingia usaili nilisema, "Nina uzoefu wa miaka minne." Yeye alisema, "Nilikuta hesabu za mwezi zinafungwa tarehe 20, nikaziacha zinafungwa tarehe 8." Niambieni nani analipwa zaidi.

Sasa nisiwe mwongo. Kubaki nako kulimgharimu. Alikonda. Alianza kumeza dawa za vidonda vya tumbo mwezi wa saba, na mwanawe wa kwanza alimuuliza kwa nini anakasirika akirudi kazini. Miezi kumi na moja chini ya mtu yule haikuwa bure, na haiwezi kuandikwa kwenye jedwali. Yeyote anayekwambia "vumilia tu upate barua" bila kukuuliza unalala saa ngapi, hajawahi kuwa na bosi wa aina hii.

Na kuna mahali ambapo mimi ningemwambia mtu atoke leo, barua au hakuna barua. Bosi akikutaka usaini ritani ya VAT unayojua ni ya uongo, toka. Jina lako ndilo litakaloitwa, na usajili wako wa kitaaluma una thamani kuliko miezi sita ya kodi. Bosi akikushika au akikutaka kimapenzi, toka. Daktari akikwambia shinikizo la damu linapanda kila Jumapili jioni, toka. Lakini hata hapo, toka kwa maandishi. Ukiona umelazimishwa kuacha kazi kwa sababu ya matendo ya mwajiri, sheria inakutambua kama uliyeachishwa, na unaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, ilimradi umetimiza miezi sita kazini. Huko watataka ushahidi: ujumbe, barua za malalamiko, tarehe. Nimeona mtu aliyeandika barua tamu ya kuaga, "nashukuru kwa ushirikiano mlionipa", halafu wiki mbili baadaye anataka kuthibitisha kwamba alifukuzwa na mateso. Barua yake mwenyewe ndiyo iliyomkana.

Kati ya njia hizi mbili iko ya tatu, ambayo leo ningeichagua mimi, kwa moyo wangu usio na uvumilivu: kutoa notisi ya siku 28 bila kuwa na kazi mpya, lakini baada ya kulipa kodi ya nyumba, si kabla. Angalia mkataba wa nyumba kabla ya kuangalia mkataba wa kazi. Ukiwa na miezi mitano ya kulala bila kugongewa mlango, unaweza kukataa barua mbaya moja. Kukataa moja kunatosha.

"Kwa sasa unalipwa kiasi gani?"

Hili swali lilinimaliza. Mazungumzo yalikwenda hivi, nayakumbuka kama jana:

"Kaka, kule ulikuwa unalipwa kiasi gani?"

"Laki tisa, mama."

Akaandika. "Na hapa ulitegemea kiasi gani?"

"Hata nyongeza kidogo tu, haina shida."

Nilipata kidogo. Elfu hamsini juu, 950,000. Nikaenda nyumbani nimefurahi. Mwisho wa mwezi nikakaa na hati ya mshahara nikafanya hesabu ambayo nilikuwa nawafanyia wengine kila mwezi na sikuwahi kujifanyia. Kwenye 900,000: NSSF, mchango wa pensheni, 90,000, PAYE 80,500, Bodi ya Mikopo, deni langu la chuo, 135,000, mkononi 594,500. Kwenye 950,000: NSSF 95,000, PAYE 91,750, Bodi 142,500, mkononi 620,750. Nyongeza yangu halisi ilikuwa 26,250 kwa mwezi. Ofisi mpya iko Mikocheni. Kutoka Kimara ni mwendokasi hadi Morocco, halafu daladala. Nauli ikaimaliza na kudai chenji.

Mwenzangu aliulizwa swali hilo hilo mahali tofauti. Alijibu kwa swali:

"Mama, kabla sijataja, naomba nijue: nafasi hii inasimamia watu wangapi, na nani anafunga hesabu za mwezi?"

Akaambiwa: makeshia wawili, na hesabu atafunga yeye.

"Kwa kazi hiyo natarajia kati ya milioni moja na laki tatu na milioni moja na nusu, kabla ya makato."

"Sawa, lakini sasa hivi unapata ngapi?"

"Laki tisa. Ila kule nasaidia kufunga hesabu, hapa nitafunga mwenyewe."

Hakuficha chochote. Alipanga tu kipi kitangulie. Laki tisa iliposikika, ile 1,300,000 ilikuwa imeshakaa mezani, na laki tisa ikasikika kama bei ya kazi nyingine. Yangu ilisikika kama bei yangu mimi.

Kuna wanaochagua kuongopa: unalipwa laki tisa, unasema milioni na mbili. Siwezi kulipendekeza, na si kwa sababu ya dini tu. Waajiri wengi wa hapa, wakikupenda, wanakwambia ulete hati za mshahara za miezi mitatu na stetimenti ya benki. Siku hiyo huna pa kukimbilia, na hata wakikuajiri, mtu wa fedha ameanza kazi akijulikana anapika tarakimu. Kwa mhasibu hiyo ni kama mpishi kuonekana anatemea sufuria.

Ile 1,300,000 aliitoa wapi? Matangazo mengi ya kampuni binafsi hayasemi mshahara. Yanaandika "mshahara mnono" au hayaandiki kitu. Ya serikali yanayopitia Sekretarieti ya Ajira huwa yanataja ngazi ya mshahara, kama TGS D, na hiyo inakupa angalau sakafu ya kusimamia. Lakini mwenzangu alikwenda kwa watu. Hakuwauliza "wewe unalipwa ngapi?", maana swali hilo kwetu ni kama kumuuliza mtu ana vidonda vingapi. Aliwauliza, "Leo ukimtafuta mtu wa kukufungia hesabu, ungemlipa ngapi?" Watu watatu, mmoja wao mkaguzi wa nje anayezunguka kampuni ishirini kwa mwaka. Wakaguzi wanajua bei ya kila kiti mjini. Watatu wakataja karibu kiasi kimoja.

Na wakikuuliza kwa nini unaondoka, usimwage. Mimi nilimwaga, dakika kumi zima, na ujumbe wa saa tano usiku nikausoma kwa sauti. Yule mama alinionea huruma kweli. Huruma ile haikuongeza hata senti. Ilimjulisha kwamba huyu hatarudi alikotoka, kwa hiyo hana pa kwenda. Mwenzangu alisema, "Nimefika mwisho wa ninachoweza kujifunza pale." Wakapita swali linalofuata. Kama bosi wako hafai kuwa mdhamini, huna sababu ya kumweka: weka mkaguzi aliyefanya kazi na wewe, mteja mkubwa, mkuu wako wa kazi ya kabla ya hiyo.

Barua mbili kwenye meza moja

Desemba 2022 mwenzangu alinipigia, akaja nyumbani na barua zake mbili za ajira. Ya kwanza ilikuwa 1,400,000, mshahara mkavu, hakuna kingine. Ya pili ilikuwa 1,000,000 mshahara wa msingi, posho ya nyumba 150,000, posho ya usafiri 150,000. Kila mtu aliyemwonyesha alimwambia achukue ya kwanza, "laki nzima juu, unafikiria nini?" Tukatoa kikokotoo. Wote wawili tulisoma kwa mkopo, na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Posho zinakatwa kodi na NSSF kama kawaida, lakini Bodi haizigusi.

| | Barua ya kwanza | Barua ya pili |
|---|---|---|
| Mshahara wa msingi | 1,400,000 | 1,000,000 |
| Posho | hakuna | 300,000 |
| NSSF, asilimia 10 ya jumla | 140,000 | 130,000 |
| PAYE | 206,000 | 179,000 |
| Bodi ya Mikopo | 210,000 | 150,000 |
| Kinachoingia benki | 844,000 | 841,000 |

Tuliangaliana. Laki nzima ilikuwa imebaki shilingi 3,000.

Hapo watu wengi wangefunga daftari wakasema ni sawasawa, na wangekosea. Haziko sawa, zinazidiana mahali tofauti. Barua ya kwanza inapeleka 60,000 zaidi Bodi kila mwezi, na hiyo haijapotea: ni deni lako linapungua. Kama umebakiza mwaka mmoja wa mkopo, ya kwanza ni bora waziwazi, kwa sababu siku deni likiisha inakupa 1,054,000 na ya pili inakupa 991,000. Asiye na mkopo kabisa aanze na tarakimu hizo, tofauti ni 63,000 kila mwezi, mjadala umeisha. Tena malipo ya saa za ziada, mara moja na nusu, yanahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Kiinua mgongo cha sheria vilevile. Mwajiri anayekupa msingi mdogo na posho nyingi amejipunguzia mzigo wa baadaye, na anajua.

Lakini mwenzangu alikuwa amebakiza miaka mingi ya mkopo, ana watoto wawili, na ya pili ilikuwa na mstari chini kabisa ambao nusura tuuruke: bima ya afya kwa mfanyakazi, mwenza na watoto. Ya kwanza haikuwa nayo. Mwaka uliotangulia mtoto wake mdogo alilazwa mara mbili. Pia alikuwa amefanya jambo ambalo sikulifikiria kamwe: alikwenda kwenye mgahawa ulio jirani na ofisi ile ya kwanza, saa ya chakula cha mchana, akakaa na kuagiza wali maharage. Alitaka kujua mishahara inatoka tarehe ngapi. Mama lishe alimjibu bila kuulizwa mara mbili. "Hawa wa ghorofa ya tatu? Hawa nawakopesha hadi tarehe 15."

Akachukua ya pili. Kabla ya kusaini akaomba kitu kimoja, msingi upandishwe ufike 1,100,000 na posho zishuke hadi 200,000, jumla isibadilike. Walikataa, wakasema posho ni sera ya kampuni. Akaomba basi tarehe ya kulipa mshahara iandikwe kwenye mkataba. Wakaiandika: tarehe 28. Kwa mtu aliyetoka kwetu, mstari ule ulikuwa na thamani ya nyongeza.

Kabla au baada ya makato

Kuna mtindo wa kutaja bei ya mkononi: "Mimi nataka milioni moja mkononi, mengine mtajua wenyewe." Unasikika jasiri. Ila jueni kinachotokea upande wa pili wa meza, maana nimekaa huko. Ili asiye na mkopo apate 1,000,000 mkononi, mwajiri anatakiwa kuanzia kwenye 1,314,300 hivi. Mwenye mkopo, kama mshahara wote ni wa msingi, anatakiwa kuanzia 1,725,000. Afisa wa rasilimali watu akisema "sawa, milioni mkononi", karibu kila mara ana ile ya kwanza kichwani. Mkopo wako haumo. Utashtuka mwezi wa pili Bodi ikianza kukata, na hutakuwa na wa kumlaumu. Taja kabla ya makato, kisha ujifanyie hesabu nyumbani. Huo ndio msimamo wangu na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Halafu "anza na milioni moja, baada ya miezi mitatu ya majaribio tutakaa tuongee". Linganisha na mwajiri anayekupa 1,150,000 leo bila ahadi. Ikiandikwa kwenye barua kwamba kuanzia mwezi wa nne mshahara ni 1,250,000, mwaka wa kwanza unakupa 14,250,000 kabla ya makato, dhidi ya 13,800,000. Ahadi inashinda. Isipoandikwa, na isipotimia, unapata 12,000,000: umeacha milioni moja na laki nane mezani kwa ajili ya neno "tutaongea". Kumbuka pia kwamba chini ya miezi sita kazini huna kinga ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo mwezi wa nne ukienda kudai kilichosemwa kwa mdomo unadai ukiwa mwepesi sana. Mimi ningeomba waandike tarehe na tarakimu. Wakisita kuandika, nachukua 1,150,000 kwa yule mwingine na silali nikiifikiria.

Jambo la haraka: kabla ya siku ya mwisho kwa bosi wa zamani, angalia michango yako ya NSSF mwezi kwa mwezi. Mabosi wanaochelewesha mishahara huchelewesha na michango, na ukiwa bado ndani ya ofisi ni rahisi kuisukuma kuliko ukiwa Mikocheni.

Bosi akikurudia

Mwenzangu alipotoa notisi, bosi alimwita, akafunga mlango, akampa kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akamwambia atamwongeza laki mbili abaki. Kwa mshahara wetu wa zamani hiyo ni kutoka 900,000 hadi 1,100,000, na mkononi, baada ya NSSF, PAYE na Bodi, ni nyongeza ya 105,000. Mwenzangu alikuwa na 841,000 na bima zikimsubiri. Alimshukuru akaendelea kupanga faili.

Ndipo, Februari 2023, simu yangu ikaita saa tano usiku. Nilijua kabla ya kuangalia.

"Kijana wangu, yaliyopita si ndwele. Rudi. Nakupa milioni na laki moja."

Sikujibu papo hapo, nikasema nitamwandikia. Nikachukua karatasi. Kwake ningepata 699,500 mkononi. Nilikuwa napata 620,750. Tofauti 78,750 kwa mwezi, na kutoka Kimara ningebadilisha njia lakini nauli ingekuwa ile ile. Nikaitazama tarakimu ile muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka mzima nilikuwa namwomba cheti cha utumishi, kile ambacho sheria inamtaka mwajiri ampe kila anayeondoka, na kila mara jibu lilikuwa "njoo wiki ijayo". Mwajiri wangu mpya alikuwa bado ananidai cheti hicho.

Nikaandika: "Shikamoo bosi. Nashukuru kwa kunikumbuka. Naomba kwanza cheti changu cha utumishi, ndipo nitafakari."

Kilifika siku ya tatu, kwa bodaboda, kimegongwa muhuri.